Kushinda, Kumaliza na Kumalizia: Msamiati wa Ushindi Usiokamilika katika Lugha ya Kandanda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza vitenzi ambavyo wasemaji wa Kiswahili huvitumia kuieleza timu inayomzidi mpinzani wake lakini ikashindwa kuikamilisha kazi. Kwa kutumia mechi tatu za timu ya taifa ya Tanzania, za mwaka 2015, 2019 na 2024, inadaiwa kuwa neno umaliziaji, lililozoeleka sana magazetini na redioni, limeunganisha mambo mawili ambayo sarufi ya Kiswahili huyatenganisha: kumalizia shambulizi na kumaliza mchezo. Mchanganyo huo una gharama, kwa kuwa huelekeza lawama mahali ambapo mara nyingi kosa halikutokea.

1.0 Utangulizi

Kinachovuta macho upesi katika rejista ya kandanda ni sitiari zake za vita na za kipigo. Timu hushambulia, hunyuka, hubamiza na kuchapa. Iliyozidiwa hulala, na iliyonusurika huponea chupuchupu. Sitiari hizo zina utamu wake, lakini si lengo la makala haya. Hapa linaangaliwa jambo lisilo na mbwembwe: vitenzi vya kawaida vya kuongoza, kufunga, kushinda, kumaliza na kwisha, ambavyo ndivyo vinavyobeba hukumu halisi ya mchezo. Tangu Vendler (1957) alipoainisha vitenzi kwa kuzingatia namna vinavyohusiana na wakati, imefahamika kuwa baadhi ya vitenzi hutaja hali inayoendelea tu, na vingine hutaja tukio lenye kikomo. Katika mchezo wa dakika 90 tofauti hiyo si ya nadharia tupu.

2.0 Mechi tatu

Mechi ya kwanza ilichezwa Dar es Salaam tarehe 14 Novemba 2015, katika kuwania kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2018. Tanzania iliongoza kwa mabao 2-0 dhidi ya Algeria, yaliyofungwa na Elias Maguli na Mbwana Samatta. Katika kipindi cha pili Islam Slimani aliyarudisha yote mawili, na matokeo yakawa 2-2. Siku tatu baadaye, ugenini Blida, Tanzania ilifungwa 7-0.

Mechi ya pili ni ya Cairo, tarehe 27 Juni 2019, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Tanzania ilitangulia mara mbili dhidi ya Kenya, kwanza kwa bao la Simon Msuva, kisha la Samatta, na ilikwenda mapumziko ikiongoza 2-1. Kenya ilishinda 3-2.

Mechi ya tatu ilichezwa San Pédro, Ivory Coast, tarehe 21 Januari 2024, katika fainali za mashindano hayohayo. Msuva aliifungia Tanzania bao la mapema dhidi ya Zambia. Kabla ya mapumziko Zambia ilibaki na wachezaji 10 baada ya Rodrick Kabwe kutolewa kwa kadi nyekundu. Mpaka siku hiyo Tanzania haikuwa imewahi kushinda mechi yoyote ya fainali hizo, tangu iliposhiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Katika dakika ya 88 Patson Daka alisawazisha, na mechi ikaisha 1-1. Tanzania ilimaliza kundi lake ikiwa na pointi 2.

Mambo ya namna hii si ya Tanzania peke yake. Tarehe 10 Januari 2010, mjini Luanda, Angola iliongoza 4-0 dhidi ya Mali hadi dakika ya 79, na mechi ikaisha 4-4. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza 3-0 dhidi ya Simba, na mechi ikaisha 3-3. Swali la makala haya ni jinsi lugha inavyoyapa majina matukio haya, na kama majina hayo yanatosha.

3.0 Kuongoza, kufunga na kushinda

Kitenzi ongoza ni cha hali. Kinaeleza nafasi ya timu kwa wakati uliotajwa wala hakiahidi lolote kuhusu mwisho. Ndiyo maana sentensi “Tanzania iliongoza lakini haikushinda” haina mgongano wowote wa maana.

Kitenzi funga kina tabia iliyo tata zaidi, kwa sababu maana yake hutegemea yambwa yake. Tazama mifano ifuatayo:

(1) Samatta alifunga bao.
(2) Kenya iliifunga Tanzania.
(3) Tanzania ilifunga mabao mawili.
(4) Tanzania iliifunga Kenya mabao mawili.

Katika (1) yambwa ni bao, na tukio hukamilika papo hapo mpira unapovuka mstari. Katika (2) yambwa ni timu, na tukio ni mechi nzima. Halikamiliki mpaka filimbi ya mwisho. Kwa mechi ya Cairo sentensi (3) ni ya kweli, lakini (4) ingempotosha msikilizaji, ingawa idadi ya mabao ni ileile. Kwa kumweka mpinzani katika nafasi ya yambwa, msemaji amekwisha kutoa hukumu ya mchezo wote. Sarufi, kwa maneno mengine, haimruhusu mtu kumgeuza mpinzani kuwa yambwa ya kufunga kwa sababu tu mabao yamepatikana.

Kitenzi shinda kinaonyesha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Kina maana ya kumzidi mpinzani, na kina maana ya kukaa mahali kutwa, kama katika “ameshinda shambani”. Pasipo kudai kuwa maana hizi mbili zina asili moja, inafaa kuona kuwa zinakutana katika sharti la wakati. Mtu aliyeondoka shambani saa nne asubuhi hasemwi kuwa ameshinda huko. Vivyo hivyo timu iliyotawala nusu ya mchezo haisemwi kuwa imeshinda. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Vitenzi hivi vinasema hayo katika muundo wake.

4.0 Kumaliza na kumalizia

Kiini cha hoja ni uhusiano wa maliza na malizia. Kitenzi cha kwanza ni elekezi, na hudai kwamba yambwa yake ifike mwisho. Cha pili kimenyambuliwa kutokana na hicho kwa kiambishi -i- cha kauli ya kutendea. Kando ya matumizi ya mahali, kama katika “alimalizia masomo Zanzibar”, kauli hii huleta maana ya kukamilisha sehemu iliyosalia:

(5) Fundi alimaliza nyumba.
(6) Fundi alimalizia nyumba.

Katika (5) nyumba imefika mwisho, na kwa kawaida kazi yote huhesabiwa kuwa ya fundi huyo. Katika (6) inachukuliwa kuwa sehemu kubwa ilikwisha kujengwa, pengine na mafundi wengine, na huyu akatia mkono wa mwisho. Mwaliko “malizia wali” hauwezi kutolewa kabla sahani haijaguswa.

Nomino umaliziaji imeundwa kutokana na malizia, si maliza. Ingalitokana na maliza ingalikuwa umalizaji. Irabu hiyo moja ina uzito. Umaliziaji kwa asili yake ni tendo la mchezaji mmoja anayepokea kazi ya wenzake na kuitia wavuni. Mmaliziaji ni mshambuliaji, na yambwa ya tendo lake ni shambulizi.

Kumaliza mchezo ni jambo tofauti. Kiima chake ni timu nzima, na yambwa yake ni mchezo, yaani muda uliobaki pamoja na matumaini ya mpinzani. Vitendo vinavyouunda ni vingi: kuumiliki mpira, kupunguza kasi, kuziba nafasi katikati ya uwanja, kubadilisha wachezaji kwa wakati unaofaa, na pale inapowezekana kuongeza bao. Kuongeza bao ni njia mojawapo tu. Timu iliyoongoza 1-0 ikaulinda mpira mpaka filimbi imeumaliza mchezo bila umaliziaji mwingine wowote.

Tofauti hii haionekani pia katika vivumishi vya ushindi. Ushindi huitwa mnono, mwembamba au wa kishindo. Ushindi wa Yanga wa 5-1 dhidi ya Simba tarehe 5 Novemba 2023 ulikuwa wa kishindo kwa kipimo chochote, japokuwa timu zilikwenda mapumziko zikiwa 1-1. Hata hivyo, vivumishi hivyo hupima unene wa tofauti ya mabao, si ukamilifu wa kazi. Yanga ya mwaka 2013 ilikuwa na uongozi mnono wakati wa mapumziko, na haikuwa na ushindi.

5.0 Mpinzani “aliyekwisha”

Mashabiki na watangazaji husema mapema: “Hawa wamekwisha.” Usemi huu una kasoro mbili za kiisimu. Kwanza, kiambishi -me- huonyesha hali iliyotokana na tendo lililotimia, ilhali tendo lenyewe halijatimia. Pili, kitenzi isha ni sielekezi. Hakina mtenda. Anayesema “Zambia imekwisha” hataji ni nani aliyeimaliza; mpinzani huonekana kama mshumaa unaojizimikia wenyewe. Timu inayoongoza huondolewa katika nafasi ya kiima, nayo hubaki kuwa mtazamaji wa mwisho wa mwenzake. Neno ambalo wasemaji hulitumia baadaye kuilaumu timu hiyo ni kubweteka, na linafaa, kwa kuwa kubweteka ni kukaa kana kwamba kazi imejimaliza.

Kiswahili kina umbo lililo sahihi zaidi kwa hali hiyo, nalo ni ukanushi wa -ja-. Sentensi “hatujashinda” inakubali kuwa ushindi unatarajiwa na papo hapo inakana kuwa umepatikana. “Hatukushinda” hufunga mlango. Katika mechi ya San Pédro umbali kati ya sentensi hizo mbili ulikuwa dakika chache za mwisho, na ndizo zilizoamua kama ushindi wa kwanza wa Tanzania katika fainali hizo ungepatikana siku hiyo.

6.0 Athari za istilahi

Mechi zikiisha hivi, maelezo ya haraka huwa ni kwamba tatizo ni umaliziaji. Maelezo hayo yapimwe kwa mechi zilizotajwa. Dar es Salaam mwaka 2015 washambuliaji wawili walifunga dhidi ya timu iliyokuwa miongoni mwa timu bora barani. Cairo mwaka 2019 washambuliaji walewale waliotegemewa walifunga, na bao la pili lilikuja mara tu baada ya Kenya kusawazisha. Katika mechi zote mbili kumalizia kulikuwapo. Kilichokosekana ni kumaliza. San Pédro pana mchanganyiko: bao la pili dhidi ya wachezaji 10 lingeweza kuwa ndilo la kumaliza mchezo, kwa hiyo pale lawama ya umaliziaji ina sehemu ya ukweli. Lakini hata pale, bao la dakika ya 88 liliingia katika lango la timu iliyokuwa na mchezaji mmoja zaidi, na kulizuia hakukuwa kazi ya mshambuliaji peke yake.

Istilahi huandaa tiba. Ugonjwa ukiitwa umaliziaji, tiba itakuwa kutafuta mshambuliaji mpya na kuongeza mazoezi ya kupiga mashuti. Ukiitwa kushindwa kumaliza mchezo, macho yatageukia viungo, walinzi, benchi la ufundi na utimamu wa mwili. Usemi wa vijana, “kuua mchezo”, una faida ya kuutaja mchezo wenyewe kuwa yambwa. Lakini mara nyingi hutumika kwa maana ya kuongeza bao tu, na hivyo hurudi kulekule kwa mshambuliaji.

Kubuni nomino mpya si lazima. Umalizaji na umaliziaji yangechanganywa kwa urahisi katika matamshi ya haraka ya redioni. Kitenzi-jina pamoja na yambwa yake, kumaliza mchezo, kinatosha na tayari kinaeleweka. Linalohitajika ni waandishi, watangazaji na walimu wa mchezo kukitumia mahali pake, na kuliachia umaliziaji kazi yake ya asili.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba vitenzi vya ushindi katika Kiswahili vinatofautiana kwa kikomo na kwa yambwa, na kwamba kiambishi -i- cha malizia kinatenga kazi ya mtu mmoja na kazi ya timu. Imeonyeshwa pia kuwa usemi “wamekwisha” huondoa mtenda katika tendo linalomhitaji. Uchunguzi zaidi unahitajika katika matangazo ya moja kwa moja, ambapo mtangazaji huchagua njeo na hali bila kuujua mwisho. Humo ndimo kiambishi -ja- kinapoweza kupimwa vizuri. Kwa sasa yatosha kusema kwamba timu inayoongoza kwa bao moja, dakika mbili kabla ya mwisho, inastahili kuelezwa kwa sentensi moja tu iliyo sahihi kisarufi na kimchezo: inaongoza, haijashinda.