Misemo ya Mazoea katika Baruapepe za Ofisini na Jinsi Inavyopokelewa: Mfano wa Garissa

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hufunzwa kuandika barua rasmi, memo na baruapepe miongoni mwa insha za kiuamilifu. Pamoja na muundo, hukariri misemo ya kufungulia, ya kukumbushia na ya kuhitimishia. Anapoajiriwa, misemo hiyo humfuata ofisini, ikachanganyika na tafsiri sisisi za misemo ya Kiingereza. Makala haya yanachunguza misemo minne ya aina hiyo. Hoja yetu ni kwamba msemo wa mazoea haukeri kwa sababu ya ukongwe wake. Hukera kwa kuwa humwambia mpokeaji jambo ambalo mwandishi hakulikusudia, au humficha jambo analolihitaji.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kufundisha katika shule moja mjini Garissa. Siku moja alimwandikia mwalimu mwenzake, mtu wa makamo, kuhusu alama za mtihani: "Naomba kukukumbusha kwa upole." Jibu lilitolewa ana kwa ana katika chumba cha walimu: "Kijana, alama nilizipeleka juzi. Huo upole wako umeniita msahaulifu." Kosa lilikuwa la mwandishi, na ndilo lililozaa uchunguzi huu.

Msingi wa Nadharia

Grice (1975) alionyesha kwamba wazungumzaji hudokeza zaidi ya wanayoyatamka, na kwamba msikilizaji huyafasiri maneno akichukulia kuwa yamesemwa kwa sababu fulani. Brown na Levinson (1987) nao waliieleza staha kuwa ni juhudi ya kulinda uso wa mwenzio, yaani heshima yake na uhuru wake wa kutenda. Kwa mujibu wa nadharia hizi, msemo unaweza kuwa na umbo la staha huku udokezi wake ukiuvunja uso uleule.

Ni vyema kutahadhari hapa. Misemo ya kudumu si uzushi wa kompyuta. C. G. Büttner alichapisha mwaka 1892 mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili ya hati ya Kiarabu, barua zikiwamo. Barua za jadi za pwani zilikuwa na fomula zake za kumtaja mpokeaji kwa cheo, kumsalimu na kuingia katika jambo lenyewe. Kila fomula ilikuwa na kazi yake. Swali basi ni hili: misemo ya leo inafanya kazi gani?

Misemo Minne

Wa kwanza ni "Natumai baruapepe hii itakukuta u buheri wa afya." Msemo huu umetoka katika barua ya kirafiki. Huko Garissa, ambako wakazi wengi ni Wasomali, salamu huulizia amani kwanza, kisha habari za jamaa, mifugo na mvua, na anayeuliza husubiri jibu. Msemo huu hausubiri. Anayeandikiwa mara tatu kwa siku na mtu yuleyule huuona kama hodi ya mtu aliyekwisha kuingia ndani.

Wa pili ni "Kama nilivyokwisha kukueleza katika baruapepe yangu ya awali." Tuitazame sarufi yake. Kitenzi kisaidizi "-kwisha" kinasisitiza kwamba kazi ya mwandishi imekamilika, na kiambishi "-ku-" kinamweka mpokeaji mahali pa mtu aliyeelezwa asielewe. Sentensi nzima inasikika kama shtaka. Tukisema, "Maelezo ya safari yamo katika baruapepe ya tarehe 3," taarifa inabaki, shtaka linaondoka.

Wa tatu ni "Natanguliza shukrani." Katika barua ya ombi la kawaida hauna ubaya. Lakini mkubwa anapomwandikia mdogo wake kikazi, shukrani zinazotangulia ridhaa hufunga mlango wa kukataa. Ombi limegeuka amri iliyovikwa kanzu.

Wa nne, ulio mzito kuliko yote, ni "Ombi lako linashughulikiwa." Kauli ya kutendewa imemficha mtenda: nani anashughulikia? Wakati uliopo nao hauna mwisho: hadi lini? Msomaji wa Nairobi huenda akauona kuwa uzembe mdogo tu wa lugha. Kaskazini Mashariki mambo ni tofauti. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walifanyiwa uhakiki maalumu wa uraia wao. Baadaye wapo Wakenya wa Garissa walionyimwa vitambulisho vya taifa kwa sababu alama zao za vidole zilikuwa katika rejista za wakimbizi, wakasubiri kwa miaka. Kwa mtu mwenye kumbukumbu hiyo, "linashughulikiwa" lina maana ya "usitarajie". Aidha, anayeishi Dadaab, karibu kilomita 100 kutoka mjini Garissa, hawezi kujua kutokana na msemo huo iwapo apande gari kesho au angoje. Huenda akalipa nauli ili kuambiwa maneno yaleyale mlangoni. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hili ni deni lisilotajwa mdaiwa wala siku ya kulipa.

Mapendekezo

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hadhi hiyo haitakuwa na maana kwa mwananchi ikiwa Kiswahili cha ofisini kitamfikia kikiwa maganda matupu. Tunapendekeza kwamba ufundishaji wa uandishi wa kiuamilifu uongeze kigezo kimoja juu ya muundo na hati nadhifu: je, mpokeaji atajua nani atafanya nini, na lini? "Ombi lako liko kwa afisa wa usajili, utajibiwa kufikia Ijumaa, usije kabla ya hapo" ni maneno mepesi, lakini yanamwokolea mtu safari na yanamheshimu.

Hitimisho

Makala haya hayapendekezi tuzitupe salamu. Kuanza jambo bila salamu ni utovu wa adabu kwa Mswahili na kwa Msomali vilevile. Tunachosema ni kwamba salamu iwe salamu, ukumbusho utaje jambo na siku yake, na ahadi iwe na mwenyewe. Sisi wanafunzi wa Kiswahili ndio tutakaoandika na kusahihisha barua za ofisi za kesho. Tuanze na zetu.