Elimu Haina Mwisho: Jinsi Mtu Mzima Anavyoweza Kusoma na Kunufaika

Mnamo Januari 2004, mzee Kimani Ng'ang'a Maruge alijiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywa, mjini Eldoret. Alikuwa na umri wa miaka 84. Serikali ilikuwa imeondoa karo katika shule za msingi za umma mwaka uliotangulia, naye akaona mlango umefunguka. Nia yake ilikuwa kujisomea Biblia mwenyewe badala ya kusomewa, na kujua hesabu. Mwaka wa 2005 alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuzungumzia umuhimu wa elimu ya msingi bila malipo.

Watu wengi humkumbuka mzee Maruge kwa sababu ya umri wake. Hata hivyo, lililomsukuma darasani lilikuwa jambo mahususi alilotaka kulijua. Hapo ndipo penye funzo kwa kila mkazi, awe aliacha shule mapema au ana shahada: mtu mzima hujifunza vyema anapoanza na swali lake mwenyewe.

Anza na swali la kazi yako

Mkulima wa mahindi hahitaji kuanza na kitabu kinene. Anaweza kuanza na gunia la mbolea. Mbolea ya kupandia ya DAP huandikwa 18-46-0. Nambari ya kwanza ni asilimia ya naitrojeni, ya pili ni fosfati na ya tatu ni potashi. Kwa hivyo gunia la kilo 50 lina kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfati, wala halina potashi. Mkulima ambaye udongo wake umepimwa na kupatikana una upungufu wa potashi atatambua kwamba DAP peke yake haitamfaa, hata akiongeza magunia.

Chupa ya dawa ya wadudu nayo ina somo lake. Ukanda wa rangi kwenye lebo huonyesha ukali wa sumu: nyekundu ndiyo kali zaidi, kisha manjano, buluu na kijani. Lebo hutaja pia siku za kusubiri kati ya kunyunyizia na kuvuna. Asiyesoma maneno hayo huhatarisha afya yake, familia yake na mnunuzi wa mboga zake.

Mfanyabiashara mdogo au mwendeshaji bodaboda anaweza kuanza na mkataba wa mkopo. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 5,000 wenye riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Riba hiyo ni shilingi 500 kila mwezi. Deni lisipolipwa kwa mwaka mzima, riba peke yake hufika shilingi 6,000, kiasi kinachozidi mkopo wenyewe. Anayesoma na kupiga hesabu hiyo kabla ya kukubali ana nafasi ya kutafuta mkopo nafuu, labda katika chama au sako yake.

Kurasa tano kwa siku

Wengi husema hawana wakati wa kusoma. Hesabu huonyesha kwamba kidogo cha kila siku ni kingi. Anayesoma kurasa 5 kwa siku humaliza kurasa 1,825 kwa mwaka, sawa na vitabu tisa vya kurasa 200 kila kimoja. Dakika 15 kwa siku huwa zaidi ya saa 90 kwa mwaka.

Siri ni kuchagua wakati mmoja usiobadilika. Mwenye duka anaweza kusoma asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja, na mama wa nyumbani watoto wakishalala. Siku ikikosekana, asijilaumu. Aendelee kesho yake palepale alipoachia.

Soma kwa namna ya kukumbuka

Mwaka wa 1885, mtaalamu wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha utafiti kuhusu kumbukumbu, ambao aliufanya kwa kujipima mwenyewe. Aligundua kwamba mtu husahau sehemu kubwa ya alichojifunza ndani ya muda mfupi, na kwamba kurudia kwa vipindi huimarisha kumbukumbu. Kutokana na hayo, msomaji anaweza kufuata hatua nne:

1. Kabla ya kusoma, aandike swali moja analotaka lijibiwe.
2. Akimaliza kusoma, afunge kitabu na aandike kwa maneno yake mambo matatu anayoyakumbuka. Kusoma tena na tena bila kujipima humfanya mtu adhani anajua.
3. Arudie maandishi yake kesho yake, kisha baada ya wiki moja.
4. Amweleze mtu mwingine, au alitumie jambo hilo kazini. Asichoweza kukieleza bado hajakielewa.

Mahali pa kusomea

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka wa 2010 linataja maktaba, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini, miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hivyo maktaba ni huduma ya mwananchi kama zilivyo zahanati na soko. Mkazi ana haki ya kuitumia, na pia ana nafasi ya kudai iboreshwe wakati wa vikao vya kukusanya maoni kuhusu bajeti. Makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, hivyo maoni yanafaa kutolewa kabla ya hapo.

Kwa wale ambao hawajui kusoma na kuandika, yapo madarasa ya elimu ya watu wazima, ambayo wengi huyaita ngumbaru, chini ya Wizara ya Elimu. Hakuna haja ya kuona haya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2006 ulionyesha kwamba takriban watu wazima 38 kati ya kila 100 nchini hawakuwa wamefikia kiwango cha chini cha kujua kusoma na kuandika. Anayeingia darasani leo anafuata njia ambayo wengi wamekwisha kuipita.

Ujuzi upate cheti

Fundi mwashi anaweza kujenga nyumba kwa miaka 15 na bado akaachwa nje ya kazi ya mkandarasi kwa kukosa karatasi. Njia za kurekebisha hali hiyo zipo. Kwa miaka mingi, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) imekuwa ikiwatahini mafundi kwa gredi, kuanzia ya tatu na kupanda hadi ya kwanza. Upo pia utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini au kwa kufundishwa na fundi mwenzake: mwombaji huonyesha anachoweza kufanya, hupimwa na wataalamu, na akifaulu hupewa cheti.

Anayetaka kufuata njia hiyo aanze mapema kuweka ushahidi: picha za kazi alizofanya, tarehe, na barua fupi kutoka kwa wateja. Aidha, kabla ya kulipa karo katika chuo chochote cha ufundi, ahakikishe kwamba chuo hicho kimesajiliwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi (TVETA). Cheti kutoka chuo kisichosajiliwa kinaweza kukataliwa na mwajiri, na kutumia cheti ghushi ni kosa la jinai.

Zoezi la wiki hii

Msomaji achukue daftari na aandike swali moja ambalo limekuwa likimsumbua katika kazi yake: kwa nini ng'ombe amepunguza maziwa, namna ya kuweka hesabu za duka, au masharti ya kuomba zabuni. Kisha atafute maandishi yanayohusu swali hilo, iwe ni maktabani, kwa afisa wa kilimo wa wadi au kwenye simu, na asome kurasa tano kila siku kwa siku saba. Siku ya nane aandike jibu alilopata na jambo moja atakalobadilisha kazini.