Kiwavi, mukuzanume na swali la tasbihi



Ndugu wasomaji, katika darsa zetu siku hizi husikika kwamba wanasayansi wamegundua kuwa miti inaongea, na kwamba huo ni ushahidi wa aya ya 44 ya Suratul Israa, inayotaja tasbihi ya kila kitu. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si kemia. Lakini kauli hiyo ilinipeleka kusoma upande wa pili, na nilichokikuta ni kizuri kuliko kauli yenyewe.

Mti hauwezi kukimbia. Miiba humzuia mbuzi. Kiwavi hupita katikati yake. Kwa hiyo vita na wadudu wala majani hupiganwa ndani ya jani lenyewe, kwa kemikali.

Mfano mzuri ni mti uliopewa jina la nchi yetu, Warburgia ugandensis. Waganda huuita mukuzanume, Wakikuyu muthiga. Ukilitafuna gome lake, ulimi huwaka kama umekula pilipili. Miaka ya 1970 ulichunguzwa katika ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Wanakemia wa Kijapani Isao Kubo na Koji Nakanishi, pamoja na wenzao, walitangaza mwaka 1976 kemikali walizozipata humo, mojawapo ikiitwa warburganali. Jaribio lilikuwa jepesi: unakata vipande vya jani, vingine unavipaka dawa, vingine unaviacha, kisha unawaletea viwavijeshi, wale wanaomaliza mashamba ya mahindi na mtama. Vilivyopakwa waliviacha, hata dawa ilipokuwa kidogo mno.

Lililonishangaza ni namna inavyofanya kazi. Nguvu yake kubwa si kuua. Inashika vionjeo vya kiwavi mdomoni na kuviharibu, hata kwa muda hatambui tena chakula chake cha kawaida. Ana njaa, jani liko mbele yake, na hali.

Miti mingine ina njia nyingine. Ule ukakasi wa pera bichi ni tanini, ambayo hushikana na protini, na mdudu anaweza kula akashiba bila kufaidika sana. Mwarobaini una azadirakitini, inayovuruga homoni za kujivua gamba, na kiwavi hukwama katikati ya kukua. Na muhogo, tunaoula sana huku Busia na Tororo, huweka sumu yake sehemu mbili: malighafi ndani ya seli, kimeng'enya pembeni. Jani likitafunwa, viwili hukutana na sianidi hutoka. Mama zetu wanaoloweka na kuvundika muhogo mchungu wanaipunguza sana sumu hiyo kabla haijafika sahanini.

Silaha hizi zina gharama. Kaboni na naitrojeni iliyotumika kutengeneza sumu haiwezi kutumika wakati huohuo kukuza tawi au mbegu. Ndiyo maana mimea mingi huweka akiba ndogo, kisha huongeza baada ya kung'atwa: jeraha huamsha homoni iitwayo asidi ya jasmoniki, nayo huamrisha uzalishaji, hata katika majani ambayo hayajaguswa.

Hapa ndipo hadithi ya miti inayoongea ilipozaliwa. Mwaka 1983 Ian Baldwin na Jack Schultz wa Marekani waliripoti kwamba miche iliyokaa hewa moja na miche iliyochanwa majani nayo iliongeza kemikali za ulinzi, ingawa haikuchanwa. Walipingwa sana. Majaribio ya baadaye kwa mimea mingine yameonyesha kwamba jambo hilo hutokea. Lakini wako wataalamu wanaoona kwamba harufu ya jani lililojeruhiwa ni habari ambayo mti unajipelekea kwenye matawi yake wenyewe, na jirani anadukua tu. Kuita hayo mazungumzo ni kuongeza nia ambayo jaribio halikuipima.

Sasa rudi kwenye aya. Yenyewe inasema kwamba sisi hatuifahamu tasbihi ya viumbe hivyo. Basi anayedai kwamba maabara imeifahamu, kwa harufu ya majani yaliyochanika, ameipinga aya aliyokuja kuitetea. Nami sioni kwamba Qur'ani inapungukiwa na kitu tukisema kemia ni kemia. Kama ni lazima kuweka aya karibu na somo hili, ningechagua ya 49 ya Suratul Qamar, inayozungumzia kipimo, kwa sababu ya ile gharama niliyoitaja.

Kuhusu mukuzanume, kuna jambo ambalo wenzetu wa kilimo Busitema wanalijua kuliko mimi. Ukali uleule unaomfukuza kiwavi ndio unaowaleta watu na mapanga, kwa kuwa gome lake ni dawa ya kifua na tumbo. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, chakula kutoka kwenye majani hakifiki tena kwenye mizizi, na mti hufa. Majani nayo yana ukali huo, na yakichumwa kwa kiasi huota tena.