Fundisho: Mbung'o na Pange Si Nzi Mmoja

Ninyi mnaokaa karibu na mashimo ya zahabu, huko Watsa na katika vijiji vya msitu wa Uele, fundisho hili ni lenu. Kila siku nzi wanawauma: mtoni, njiani, shambani, shimoni. Mkiulizwa ni nzi gani, wote mnajibu neno moja: «Mbung'o.» Lakini wengine si mbung'o. Mtu anayechanganya nzi anachanganya ugonjwa, na anayechanganya ugonjwa anachelewa kupata dawa.

Mimi mwenyewe nilikosa. Nilipoanza kazi ya umoniteri nilikamata nzi saba karibu na moto wa wachimbaji, ndani ya msitu. Niliwatia katika kisanduku cha kiberiti, nikawaambia wazee: «Mbung'o wako hapa.» Watu wakafyeka mahali pale siku tatu. Mkubwa wangu alipofungua kisanduku alisema: «Hawa wote ni pange.» Na mbung'o walikuwa wapi? Walikuwa kwenye kivuko, pale mama zetu wanapoloweka mihogo. Pale hatukukata hata tawi moja. Baadaye mama mmoja wa kivuko kile alionekana ana ugonjwa wa kulala. Alipona, lakini alikaa miezi mingi bila nguvu, na shamba lake likaliwa na nyani. Basi jifunzeni, msikose kama mimi.

1. Namna ya kutazama

Msimponde nzi. Mpigeni polepole kwa kitambaa, awe mzima. Na kabla ya kumpiga, mtazameni akiwa amekaa. Tazameni mambo matatu: mabawa, mdomo, macho.

2. Mbung'o

Mbung'o amepita nzi wa nyumbani kidogo kwa ukubwa. Rangi yake ni kahawia au nyeusi-nyeusi, haing'ai. Akikaa, bawa moja linalala juu ya lingine, kama makasi yaliyofungwa, na ncha za mabawa zinapita mwisho wa tumbo. Mdomo wake umenyoka mbele ya kichwa kama mkuki. Alama hizi mbili zikionekana pamoja, huyo ni mbung'o, msiwe na shaka.

Mbung'o dume na jike wote wanakunywa damu. Wale wa kwetu wanapenda kivuli cha kando ya mito: kivukoni, kisimani, mahali pa kuoga na pa kuosha mchanga wa zahabu.

3. Pange mdogo wa msitu

Waganga wanamwita krisopsi. Huyu ndiye aliyenidanganya. Ukubwa wake ni karibu sawa na wa mbung'o, lakini akikaa mabawa yake yamefunguka pande mbili, hayalaliani. Katikati ya kila bawa kuna mshipi mpana mweusi. Mara nyingi tumbo lake lina rangi ya chungwa bivu na mistari myeusi. Macho yake, angali hai, yanang'aa kijani na dhahabu. Akifa, rangi inapotea. Mdomo wake unaelekea chini, si mbele.

Jike peke yake ndiye anayeuma. Anakaa juu ya miti mirefu, na moshi wa kuni unamwita ashuke. Kwa hiyo wachimbaji wanaopika msituni wanaumwa sana. Watoto wake wanakua ndani ya matope ya vijito vyenye kivuli.

4. Nzi wengine wanaofanana nao

Pange mkubwa ni mnene, na akiruka anavuma. Pange wa kijivu ana mabawa yenye madoa mengi madogo. Anayafunga kama paa la nyumba, tena anakuja bila sauti. Nzi wa zizi anafanana sana na nzi wa nyumbani, lakini mdomo wake umetoka mbele. Msimwite mbung'o: mabawa yake yamefunguka.

5. Magonjwa mawili

Mbung'o analeta ugonjwa wa kulala. Si kila mbung'o ana sumu hiyo; wenye nayo ni wachache. Mwaka 1903, mwaka ule ule zahabu ilipoonekana Kilo, waganga waliokuwa Uganda walijua ya kuwa mbung'o ndiye anayeuchukua. Dalili zake: homa inayorudi-rudi, kichwa kuuma, vivimbe nyuma ya shingo; kisha mtu anasinzia mchana, usiku hapati usingizi, na akili yake inageuka. Asipotibiwa, karibu kila mara anakufa. Mwaka 1998 wagonjwa zaidi ya 26,000 walionekana Kongo. Sasa wamepungua sana, na tangu mwaka 2018 kuna vidonge vya kumeza siku 10 vinavyowafaa wagonjwa wengi. Lakini kidonge hakimfuati mtu nyumbani. Sharti apimwe damu.

Pange wa msitu analeta mnyoo mwembamba unaotembea chini ya ngozi. Mkono unavimba siku chache, kisha uvimbe unaondoka. Siku nyingine mnyoo unaonekana ukipita katika jicho. Huo si ugonjwa wa kulala. Lakini sikilizeni sana: mtu aliyeona mnyoo jichoni asimeze dawa ya Mectizan kabla ya kumwambia munganga. Minyoo ikiwa mingi katika damu, dawa ile inaweza kumdhuru vibaya.

6. Kazi yenu

Mbung'o hatagi mayai. Anazaa mtoto mmoja tu kila siku 9 au 10, na mtoto huyo anajificha udongoni. Kwa sababu hiyo mbung'o wachache wakiuawa, ni faida kubwa. Fyekeni vichaka vya kivukoni na kisimani. Vitambaa vya buluu vyenye dawa, vinavyotundikwa kando ya mto, msivichukue kushonea nguo: rangi ile inamwita mbung'o, na dawa inamwua.

Pange anataga mayai mengi pamoja. Kumfyekea kichaka kimoja hakutoshi. Vaeni nguo ndefu msituni, na msikae bure karibu na moto wa kuni mchana.

Maulizo

1. Mabawa ya mbung'o yanakaaje? Na ya pange wa msitu?
2. Nzi gani anaitwa na moshi?
3. Kwa nini kufyeka kivuko kunapunguza mbung'o?
4. Ndugu yako anasinzia mchana na shingo ina vivimbe. Utampeleka wapi, na lini?

Jibu la ulizo la nne ni moja: dispanseri, leo.