Hataza ya Insulini: Funzo kwa Watafiti wa Vyuo Vikuu

Tarehe 11 Januari 1922, katika hospitali moja ya Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa sindano ya dondoo la kongosho. Kisukari kilikuwa kimemdhoofisha hadi karibu na kifo. Dondoo hilo halikuwa safi, likamletea jipu. Siku 12 baadaye alichomwa dondoo lililosafishwa na mwanakemia James Collip. Sukari katika damu ikashuka, naye akapata nafuu.

Ndipo likazuka swali la umiliki. Januari 1923, Frederick Banting, Charles Best na Collip waliuza haki zao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja. Wapo wanaodhani kwamba kwa kufanya hivyo waliiacha insulini bila mwenyewe. Sivyo. Iwapo isingewekewa hataza, mtu mwingine angeweza kudai umiliki wa njia ya kuitengeneza na kuwazuia wenzake. Hataza ilichukuliwa ili pasiwepo mhodhi.

Hata hivyo, hataza pekee haitibu mgonjwa. Maabara za chuo zilishindwa kutengeneza dawa kwa wingi uliohitajika. Hivyo, Mei 1922 chuo kilikuwa kimeingia mkataba na kampuni ya Eli Lilly ya Marekani kwa kipindi cha majaribio cha mwaka mmoja. Baadaye watengenezaji wengine walipewa leseni, kwa sharti kwamba ubora na nguvu ya dawa yao vipimwe. Mrabaha uliopatikana uligharimia utafiti.

Kisa hiki kina mafunzo matatu kwa mtafiti wa leo.

Kwanza, ombi litangulie tangazo. Hataza hutolewa kwa jambo jipya. Matokeo yaliyokwisha kuelezwa kwenye kongamano au jarida yanaweza kupoteza sifa hiyo. Kwa Tanzania Bara, ombi huwasilishwa BRELA, au kupitia ARIPO, shirika la kikanda lenye makao yake Harare.

Pili, umiliki ujulikane mapema. Mtafiti asome sera ya miliki bunifu ya chuo chake na mkataba wa mfadhili kabla ya kuanza kazi, na kila jaribio liandikwe kwa tarehe katika daftari la maabara.

Tatu, masharti ya leseni ndiyo huamua nani atanufaika. Chuo kinaweza kudai kwamba dawa iuzwe kwa bei nafuu katika nchi maskini, au kwamba leseni irejeshwe iwapo kampuni itaikalia bila kuitumia.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Anapoombwa damu au tishu kwa ajili ya utafiti, ana haki ya kuuliza iwapo sampuli yake inaweza kutumika kibiashara, na jibu liwemo katika fomu ya ridhaa anayotia saini.

Hataza ya Toronto ilikwisha muda wake zamani. Leo kampuni tatu zimeshika sehemu kubwa ya soko la insulini duniani, na wagonjwa wengi bado hawaipati. Wagunduzi waliulinda ugunduzi wao vema, lakini ulinzi huo haukufika kwa aina mpya zilizobuniwa baadaye. Kwa hiyo kila kizazi cha watafiti hulazimika kuandika upya masharti yake, na wakati wa kuyaandika ni kabla ya mkataba kutiwa saini.