Kutoa Pawa, Kuweka Boksi la Mkono: Fizikia ya Stelingi

Sisi tunaosomea ualimu wa fizikia tunaambiwa kila siku tutafute mifano ya mashine sahili karibu na mwanafunzi. Wangu niliupata likizoni, kwenye gereji moja ya Vigwaza kando ya Barabara ya Morogoro. Land Rover 110 ya mjomba, ya miaka ya themanini, ilikuwa inavuja oili ya pawa stelingi kupita kiasi. Mzee akachoka kununua oili na sili. Akaamua pawa itoke, liwekwe boksi la mkono.

Wengi wanadhani kazi yenyewe ni kuvua mkanda wa pampu tu, safari iendelee. Hapana. Boksi la pawa limepangwa likitegemea msukumo wa oili, ndiyo maana mara nyingi mizunguko yake ni michache. Ukilinyima pampu, mkono wako unageuza tairi na papo hapo unaisukuma oili iliyobaki ndani. Utalowa jasho kabla hujamaliza kupaki.

Boksi la mkono linacheza na uwiano. Chukua mfano: boksi moja lina uwiano wa 16 kwa 1, jingine 24 kwa 1. Tuache msuguano pembeni. Kama la kwanza linadai nguvu ya kilo 12 kwenye usukani, la pili litadai 8. Lakini hakuna cha bure hapo: mizunguko 3 ya kutoka kona hadi kona inakuwa 4 na nusu. Kazi ni ileile, umeigawa tu kwenye umbali mrefu zaidi. Kidato cha pili kizima kipo hapo!

Wala si mambo ya kishamba. Pawa ilianza kuuzwa kwenye magari madogo mwaka 1951, na Chrysler Imperial ya Marekani. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966 hadi 1968 mfululizo, kwa usukani wa mkono, kwenye tope la Afrika Mashariki.

Sasa tufike penye hatari. Boksi la aina hii lina katikati yake. Pale katikati meno ya ndani yamebanana zaidi, ili gari likienda moja kwa moja usukani usicheze. Fundi mmoja alitaka kufunga mkono wa chini ya boksi kwa kukadiria kwa macho, halafu usukani aje kuunyoosha baadaye. Nikaomba tuhesabu kwanza. Mkono ukiwa haujafungwa, unazungusha hadi mwisho wa upande mmoja, unahesabu mizunguko hadi mwisho wa pili, unarudi nusu kamili. Hapo ndipo tairi zinanyooshwa na mkono unafungwa. Ukikosea, usukani utaonekana umenyooka lakini boksi litakuwa pembeni ya katikati yake, na gari litayumba-yumba likienda moja kwa moja. Kwenye barabara ile, unapishana na semi-trela zinazotoka Dar kwenda Zambia na Kongo. Kuyumba nusu mita si jambo la kuchekea.

Mkono wenyewe nao usichukuliwe popote. Urefu wake unabadilisha uwiano wote, na meno yake lazima yakae kwenye shafti bila kulazimishwa kwa nyundo. Matundu ya bolti kwenye chasisi yapimwe kabla ya kununua boksi. Kuchomelea kipande cha chuma "kwa muda" mimi sikubaliani nako kabisa, kwa sababu stelingi ikikatika breki haikusaidii kukwepa.

Maoni yangu: gari likibeba mzigo mzito mbele, au dereva akiwa na bega bovu, ni afadhali kutengeneza pawa hata kwa gharama. Nilimwambia hivyo mjomba. Akanijibu, "Mjomba, bega langu zima. Kinachouma ni mfuko."

Basi tukafunga. Tulijaribu kwanza kwenye njia ya vumbi, taratibu, kona zote mbili, tukiangalia kama tairi au fimbo za stelingi zinagusa chochote. Baada ya siku chache za kazi gari lilirudi gereji: bolti za boksi zikakazwa upya, pini zikaangaliwa moja moja, tairi za mbele zikapimwa alaimenti.