Joto, Hari na Fukuto: Tatizo la Kutafsiri Vivumishi vya Kiingereza vya Hali ya Joto

Mwanafunzi wa tafsiri anapopewa kifungu cha Kiingereza kinachoeleza siku ya joto, hukumbana na vivumishi chungu nzima: "hot", "scorching", "sultry", "muggy", "sweltering". Jambo la kwanza alifanyalo ni kufungua kamusi akitafuta kivumishi kimoja cha Kiswahili kwa kila kimoja cha Kiingereza. Hapo ndipo anapokwama, na mara nyingi vyote vitano huishia kuwa "joto kali". Makala haya yanashikilia kwamba tatizo si uchache wa msamiati wa Kiswahili, bali ni mahali msamiati huo unapotafutwa.

Kisarufi, "joto" ni nomino. Anayeandika "siku joto" amelitwika neno hilo kazi isiyo yake; Kiswahili sanifu husema "siku ya joto" au "leo kuna joto", na mtu "husikia" au "huona" joto. Kivumishi kinachotumika zaidi hapa ni "-kali", nacho hupima ukubwa tu bila kueleza aina: jua kali, joto kali, hata baridi kali. Nchini Kenya "jua kali" limekwisha kuacha kueleza hali ya hewa pekee, likawa jina la kazi za mafundi wanaofua vyuma na kuunda samani nje penye jua.

Utajiri wa Kiswahili umo katika vitenzi. Jua huwaka, huchoma, huunguza. Likifika katikati ya mbingu huitwa jua la utosi. Ardhi nayo hukauka kau. Hayo yote yanamfaa anayetafsiri "scorching". Yanafaa pia kueleza Lodwar, mji ulio kwenye barabara itokayo Kitale kupitia Kapenguria na kuteremka hadi nyanda kavu za Turkana. Huko jasho hukauka karibu mara tu litokapo.

Joto la Mombasa ni jingine. Hewa ya pwani imekwisha kujaa mvuke wa bahari, hivyo jasho halikauki upesi bali hutiririka, na mwili hukosa njia ya kupoa. Hali hiyo ndiyo fukuto, na kitenzi chake ni kufukuta: "leo kunafukuta". Hapa ndipo penye kisawe cha "sultry" na "muggy", lakini mtafsiri asiyevuka mipaka ya vivumishi hatakiona kamwe. Mwanafunzi wa Kibabii ana udhuru kiasi. Bungoma iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Kitale takriban 1,900, kwa hiyo fukuto ni neno alilolisoma zaidi ya hali aliyoihisi mwilini. Pengine amelikuta gazetini, mgogoro wa kisiasa unaposemwa kuwa "unafukuta", kama moto usiotoa ndimi.

Pamoja na fukuto kuna "hari", neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo hutaja joto na pia jasho litokanalo nalo. Lisichanganywe na "ari". Mwanafunzi anayeandika kwamba fulani alisoma kwa hari amesema kuwa alisoma akitokwa na jasho, jambo ambalo huenda ni kweli wakati wa mitihani, ila silo alilokusudia.

Tatizo zito zaidi ni la majira. "Summer" ya Kiingereza hutafsiriwa mara nyingi "kiangazi", neno lenye uhusiano na "angaza". Lakini kiangazi cha Waswahili ni miezi ya Desemba hadi Machi, wakati wa upepo wa kaskazi, kabla ya masika. Julai pwani ni kipupwe, na Kitale ni wakati wa baridi na mvua. Shakespeare, katika soneti yake ya 18, alimlinganisha mpenzi na siku ya majira hayo kwa kuwa Uingereza majira hayo ni ya upole. Mpenzi wa Kiswahili anayefananishwa na siku ya kiangazi ana haki ya kuuliza amekosa nini. Kwa Ulaya, "majira ya joto" ni salama zaidi, kama wanavyofanya watangazaji wa kandanda wanapozungumzia dirisha la usajili la katikati ya mwaka.

Tofauti hizi haziishii katika fasihi. Mnamo Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufikia nyuzi 45 za Selsiasi. Maonyo ya namna hiyo sharti yafasiriwe, na anayeambiwa "joto kali" tu hatajua kama ajikinge na jua au ahofie zaidi chumba kisicho na hewa. Panapofukuta, mtu aweza kuzidiwa hata kivulini, ijapokuwa kipimajoto kinasoma nyuzi chache kuliko za Lodwar.

Sentensi ya Kiingereza inayotaja alasiri ya Julai jijini London iliyokuwa "hot and muggy" yaweza basi kutafsiriwa hivi: "Ilikuwa alasiri ya Julai, majira ya joto jijini London, kulifukuta, upepo ulikuwa umetulia, na watu walitokwa na hari." Sentensi nzima haina kivumishi cha sifa hata kimoja.